Zege jipya juu ya zege la zamani, njia ya malori ndani ya ghala (Tabora)

MjengoTabora
Wakuu, habari za majukumu. Kuna ghala la tumbaku hapa Tabora lenye njia ya malori inayopita ndani, mlango hadi mlango. Urefu m 48, upana m 5, kuta pande zote na paa juu, yaani handaki tu. Zege la zamani lina unene wa sm 20, viungio (mikato inayoligawa zege vipande) kila m 4 na kimoja katikati kwa urefu. Uso umechunika hadi kokoto zinaonekana, kuna madoa ya oili, na kwenye viungio viwili lori likipita maji ya tope yanaruka. Mteja anataka sm 3 za zege, niru juu (saruji laini ya kung'arisha sakafu), malori yaingie baada ya siku 5. Shida nyingine ni milango: kontena linapita kwa kubahatisha. Nimshauri nini, na saruji mifuko mingapi?

Fundi_Mwanga_KGM
Niru isahau kabisa mkuu. Tairi la lori likikunja kona juu yake linaibandua vipande vipande, na ikilowa inateleza. Sm 3 nazo ni chache: tabaka jembamba linakauka haraka, linasinyaa, kona zinanyanyuka, basi limeachia. Weka mm 75.

Ila kabla ya yote, hayo maji ya tope. Maana yake slabu (kipande cha zege la sakafu) inacheza na udongo wa chini unatoka kidogo kidogo. Hakuna zege la juu litakalotibu hilo, ufa utarudi palepale. Hivyo viungio viwili kata zege lote hadi chini, shindilia upya, chimba matundu kwenye ukingo wa slabu iliyobaki na uchomeke nondo laini (zisiwe zenye matuta matuta) za mm 25, urefu mm 450, kila mm 300. Nusu moja gundisha kwa epoksi (gundi kali), nusu nyingine ipake grisi ili slabu iweze kutanuka. Na mtafute maji yanakotoka, mara nyingi ni mfereji wa nje ulioziba.

Sehemu zilizobaki buruta mnyororo juu yake. Panapolia kama debe tupu, chora kwa chaki, panavunjwa.

Zege_Bila_Siasa
Naongezea kwenye kushikana, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapofia.

Parua (kwangua) mm 25 za zege la zamani kwa mashine au nyundo ndogo ya umeme, isizidi kilo 15. Zile kubwa zinaacha nyufa ndogo ndogo kwenye zege unalotaka kulishikilia, halafu linabanduka pamoja na jipya. Baada ya hapo osha kwa maji ya presha. Penye oili nyunyiza maji: yakikaa matone matone bila kunywea, oili bado imo, endelea kuchimba. Sabuni peke yake haitoshi.

Siku ya kumwaga, zege la zamani liwe limeshiba maji tangu jana yake lakini juu pasiwe na dimbwi. Uji wa saruji msugue kwa brashi ngumu hatua chache tu mbele ya wanaomwaga. Ukishakauka kabla zege halijafika umegeuka kitenganishi, bora usingeupaka.

Milangoni parua mm 75 zote kwa m 3 za mwisho, ukingo uwe wima. Kimo cha mlango kitabaki kilekile na hutakuwa na ncha nyembamba ya kuvunjika. Kumbuka pia lori la kontena likishapakua springi zinapanda, kwa hiyo pima likiwa tupu.

Fundi_Mwanga_KGM
Hesabu: 48 × 5 × 0.075 = m³ 18. Uso ulioparuliwa na nyundo hauko sawa, weka m³ 20. Kwa kilo 400 za saruji ya daraja la 42.5 kwa kila m³ ni mifuko 160 ya kilo 50, bila ile ya uji na ya hivyo viungio viwili vinavyojengwa upya. Kokoto zisizidi mm 20. Maji lita 21 kwa mfuko, *pamoja na yaliyomo kwenye mchanga*. Mchanga wenye unyevu wa 5% unakuja na karibu lita 4 kati ya hizo 21. Likiwa gumu kumwaga tumia dawa ya kulainisha, msimruhusu mtu wa kuongeza maji kwa ndoo.

MjengoTabora
Shukrani sana wakuu. Viungio vya juu nikate wapi, na mashine ya petroli inafaa humo ndani?

Zege_Bila_Siasa
Juu ya vya zamani hasa, na ukate unene wote wa tabaka jipya. Ukikosea hata sm 5 zege litachagua lenyewe pa kupasuka. Piga misumari ukutani kuonyesha kila kiungio kabla hujakifunika. Anza kukata mara tu bledi haing'oi kokoto pembeni, usisubiri kesho yake.

Petroli hapana. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu, na ndani ya kuta inamwangusha mtu hata milango ikiwa wazi. Tumia ya umeme yenye maji, hiyo inazuia na vumbi. Na tumbaku iondolewe jirani, inavuta unyevu na harufu.

Uso malizia kwa ufagio mgumu, kukingama na njia. Ning'iniza maturubai milangoni, kwa sababu upepo unaopita humo ndani unapasua zege ndani ya saa chache, kisha magunia mabichi siku 7. Siku 5 za mteja hazipo: tengeneza vipande vya majaribio, viache vikae pale pale ghalani, vipime. Vikifika nguvu ya MPa 25 (kipimo cha kuhimili mgandamizo), fungua.