Mrejesho: mlio wa saspensheni ya mbele ya Beetle ya mwaka 1968

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini Volkswagen Beetle yangu hulia upande wa mbele kila inapopanda tuta kwa mwendo mdogo, na wengi mlishauri nibadilishe shokomzoba. Fundi alizifungua kwanza akalitikisa gari bila hizo, mlio ukabaki palepale, kwa hiyo gharama hiyo tumeiepuka.

Chanzo kilikuwa ukavu ndani ya mirija miwili ya ekseli ya mbele, ambamo hukaa vyuma bapa vinavyofanya kazi ya springi kwa kujisokota, huku mikono inayobeba magurudumu ikizunguka juu ya bushi na beringi zinazotegemea grisi. Ekseli hiyo ina nipeli nne za grisi (vichuchu vya kuingizia grisi kwa pampu), mbili kwa kila mrija, na zangu zilikuwa zimezibwa na uchafu mgumu kama saruji. Baada ya kuzisafisha tulipiga jeki hadi magurudumu yote mawili ya mbele yakaning'inia, kwa sababu gari likikaa chini uzito wake huzibana beringi na grisi haifiki upande unaobeba mzigo. Kisha tukasukuma grisi mpya hadi ile ya zamani, nyeusi na yenye chembe za kutu, ikatokeza pembeni mwa sili, yaani pete zinazozuia grisi isivuje.

Aliyependekeza kupulizia mafuta kwenye raba za stabilaiza (fimbo inayopunguza gari kuinama kwenye kona) namshukuru, ila mafuta ya mashine huharibu raba, nami sikuthubutu. Bolijointi (kiungo chenye mpira wa chuma kinachoshika gurudumu) ya chini kushoto ina kifuniko kilichopasuka na itabadilishwa. Kinacholia sasa ni mlango wa dereva tu.