Ruger 10/22: nianze na mtutu, kifyatulio au kitako?

Mlengaji_MN: Wakuu, habari za wikendi. Niko Minnesota, nina Ruger 10/22 ya kawaida, bunduki ndogo ya risasi za .22, mtutu wa inchi 18.5 na kitako cha mbao. Napiga karatasi tu, yadi 50, kila Jumamosi. Matundu yananitawanyikia karibu inchi 2. Mwaka huu hela inatosha kununua kitu kimoja: mtutu mnene, kifyatulio, au kitako kipya. Nianze na kipi?

Kaskazini254: Mtutu, mkuu. Tangu bunduki hii itoke 1964, mtutu wake haukazwi kwa kuzungushwa. Unashikwa na kipande chenye umbo la V na skrubu mbili. Unaubadilisha mezani kwako bila fundi. Tafuta mnene wa inchi 0.920 wenye chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) ya aina ya Bentz: imebana kuliko ya kawaida, lakini risasi bado zinaingia na kutoka vizuri. Wangu ni Green Mountain na nimeridhika nao kabisa.

MamaShabaha: Kaka, gharama ya pili hujamwambia. Mtutu wa 0.920 hauingii kwenye kitako alicho nacho, mfereji wake ni mwembamba. Ama achonge mbao, ama anunue kitako kingine. Kitu kimoja kimeshakuwa viwili.

Mimi nilianza na kifyatulio, BX-Trigger ya Ruger wenyewe. Bunduki yenyewe ina pauni 5 hivi. Cha kiwandani huhitaji nguvu ya pauni 5 au 6 kukivuta, kwa hiyo kidole kinavuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa bunduki au kuuzidi, na lazima itikisike. BX ni kama pauni 2.75. Unasukuma pini mbili, sanduku zima linatoka, jipya linaingia. Kampuni ya Kidd wana cha hatua mbili (kwanza kinavutika kilaini, kisha kinagota kabla ya kufyatua), kitamu zaidi, ila bei yake ni ya mtu wa mashindano.

Kaskazini254: Hapo kwenye kitako umenikamata, dada. Nilinunua kitako cha Magpul Hunter X-22 baadaye, na hiyo inapokea mitutu yote miwili, mwembamba na mnene. Unageuza tu kile kipande cha chini ya mtutu.

MamaShabaha: Nami ninayo, ila kwa sababu nyingine. Mikono yangu ni mifupi. Kitako cha kiwandani kilikuwa kirefu, nikawa nanyoosha shingo kuifikia darubini. X-22 ina vipande vya kuongeza na kupunguza urefu. Asiyetoshewa na kitako aanze hapo, na wala asione ni pambo.

Texas_Bongo: Anayewaza kufupisha mtutu akumbuke inchi 16. Chini ya hapo, sheria ya Marekani ya 1934 inataka bunduki isajiliwe kwanza.

Babu_Ohio: Mwanangu, mbona hakuna aliyekuuliza unapiga risasi gani?

Mlengaji_MN: Shikamoo Babu. Zile za kasi, za boksi kubwa la bei rahisi.

Babu_Ohio: Marahaba. Basi usinunue chuma bado. Risasi hii ya .22 hulipuliwa ukingoni mwa ganda, na ganda likishapigwa halijazwi tena, kwa hiyo huwezi kujitengenezea inayoipenda bunduki yako. Inabidi uitafute dukani. Nunua boksi moja moja: CCI Standard Velocity, SK Standard Plus, Eley. Piga tano tano, yadi 50, ukiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga. Hiyo CCI hutoka kwa futi 1,070 kwa sekunde, chini ya kasi ya sauti. Zako za kasi huivuka sauti, kisha hurudi chini yake zikiwa njiani, na hapo ndipo hutikisika.

Na usisukume fimbo ya kusafishia kupitia mdomo wa mtutu. Najua nyuma pamezibwa, lakini ukikwaruza ule ukingo wa mbele, shabaha imekwenda. Tumia kamba, uipitishe kwenye chemba na kuivutia mbele.

Mlengaji_MN: Nimerudi. Za zamani: inchi 2, kama kawaida. SK: inchi 1 na robo, bunduki ileile, mikono ileile. Nimeagiza BX-Trigger, mtutu utasubiri. Asante sana Babu.

MamaShabaha: Hongera! Ukishakifunga, hakikisha chemba ni tupu na magazini imetoka. Vuta boliti, iachie, kisha gonga kitako sakafuni juu ya zulia, kwanza kitufe cha usalama kikiwa kimezuia kufyatua, halafu kikiwa kimeruhusu. Nyundo ya ndani, ile inayopiga pini ya kulipua risasi, ikianguka hata mara moja, kitoe na usiende nayo uwanjani.