Mrejesho: Binti yangu na ile hapsikodi

Wakuu, mwaka juzi niliwauliza kama nimruhusu binti yangu, tukiwa huku Uholanzi, aache piano asomee hapsikodi, kile kinanda cha kale. Wengi mlisema atakufa njaa. Mmoja akanitajia Jean Rondeau, mpiga hapsikodi Mfaransa aliyeanzia utotoni kwa mwalimu Blandine Verlet akaja kushinda mashindano ya hapsikodi ya Bruges, Ubelgiji, mwaka 2012, akiwa na miaka 21. Nikamruhusu.

Miezi ya kwanza ilikuwa vilio. Kwenye piano nyundo inagonga waya. Kwenye hapsikodi kuna kijiti chenye kijino kinachodonoa waya, kwa hiyo hata ubonyeze kwa hasira sauti haiongezeki. Mwalimu alimrudisha kwenye mistari minne ya mtunzi Bach wiki tatu mfululizo: ajifunze muda wa kuachia kidole, si nguvu. Mimi jikoni nilishaikariri yote.

Kazi? Ipo, ila si ya kukaa peke yako jukwaani. Anaitwa kusindikiza kwaya na vikundi vidogo. Anapewa mstari wa besi (sauti za chini) wenye tarakimu za kumwongoza, na sauti za juu za kupigwa pamoja anajazia mwenyewe papo hapo. Tena anafika masaa mawili mapema kuliko wenzake ili atyuni, yaani alinganishe sauti za waya, noti ya A ikiwa hezi 415, chini kidogo ya 440 ya siku hizi. Mlango ukiachwa wazi baridi ikaingia, sauti zinahama, anaanza upya. Kuna waliomlipa baada ya miezi minne, kwa kusumbuana.

Mliosema nijiandae na gari, nimewakubali. Hapsikodi haipandi basi. Tumenunua kigari cha mizigo, cha mtumba.