Naomba ushauri: nyutro (waya wa kurudishia umeme) imelegea au imekatika?

Wakuu, nyumba yangu ina fezi tatu (nyaya tatu za kuleta umeme). Tangu jana taa za upande mmoja zinawaka kwa mwanga mkali kupita kiasi, za upande wa pili zinafifia. Nimepima soketi: moja volti 290, nyingine 160. Nahisi nyutro imeachia, maana ikiachia fezi zinagawana volti 400 kufuatana na mzigo. Saketi breka haikuanguka hata mara moja, wala siishangai, yenyewe huangalia ampea tu.

Nimezima swichi kuu. Fundi ananiambia tuweke fyuzi kwenye nyutro. Nimegoma, kwani ikiungua si tatizo ni lile lile?

Je, baada ya matengenezo nifunge kifaa cha kukata umeme volti zikizidi? Kikae kabla au baada ya swichi kuu?