Tupeane uzoefu: kizingiti cha mlango na leveli ya sakafu vilivyokutesa ulipojenga

Mwana wa Ligula
Wakuu, jirani yangu hapa Chuno, Mtwara, leo kamwita fundi akate milango mitatu kwa chini. Mipya, ya mninga, hata mwezi haina. Nimeanza kuusikia msumeno saa mbili asubuhi, chai ikanishinda, maana yalinikuta hayohayo mwaka 2021.

Nilijenga kwa hela ya korosho: msimu huu msingi, msimu ujao kuta. Fundi akapima linta, ile boriti ya zege juu ya mlango, mita 2.1 kutoka juu ya jamvi, yaani zege la chini kabla ya sakafu. Juu ya jamvi! Fremu zikasimama, lipu ikapigwa, milango ikafungwa, nikahamia. Mwaka uliofuata nikapata hela ya vigae. Sakafu ya saruji sentimita 5, gundi na kigae kama moja na nusu. Sita na nusu zote zimekula mlango. Ilibidi ukatwe mpaka ule ubao wa chini ukabaki mwembamba kama rula, ndimi zilizouunganisha na mbao za pembeni zikaonekana. Mvua za Januari zilipokolea ukavimba, kisha ukaachia, ukabaki mkononi mwangu.

Na wewe elezea yaliyokupata. Kuna mtu kesho anasimamisha fremu.

Bint Mikindani
Kwangu sentimita saba. Nakuelewa kabisa kaka yangu.

Mpimamaji
Mimi ni fundi, niko Mangamba. Lawama zote hizi mnatutupia sisi, lakini tukiuliza "bosi, chini utaweka nini?" tunajibiwa "wewe jenga, hayo baadaye". Nitapimaje kitu ambacho mwenye nyumba mwenyewe hakijui?

Kazi ya uhakika inaanza na mstari wa mita moja. Unachukua mpira wa maji wa kupimia leveli, unazunguka vyumba vyote, unapiga alama ukutani mita 1 juu ya pale UTAKAPOKUWA uso wa kigae. Jamvi lisahau. Kutoka kwenye mstari, ukipanda mita 1.1 ni chini ya linta, ukishuka mita 1 ni sakafu iliyokwisha. Fremu zote zinasimama kwa mstari huo hata kama jamvi lina mabonde.

Mwana wa Ligula
Fundi wangu nilimwambia vigae tangu siku ya msingi.

Mpimamaji
Ulimwandikia?

Mwana wa Ligula
Wewe ukimwambia mkeo upike ubwabwa unamwandikia?

Nyangao Mwisho wa Lami
Mimi ilikuwa kinyume chenu. Fundi alikuwa makini, fremu akaziinua kabisa akisubiri sakafu na vigae. Hela ikaisha. Tukahamia juu ya jamvi tupu, na mlango wa nyuma ukaacha pengo chini, vidole vinne vinapita. Nyuma ni mikorosho mpaka upeo wa macho.

Usiku mmoja wa joto, umeme umekatika, mwanangu wa miaka minne kalala kwenye mkeka pale ukumbini. Nikaamka kwenda chooni na tochi ya simu. Nikaona kama mkanda mweusi umelala sakafuni, nusu ndani nusu bado nje, unavutika kupitia lile pengo. Kutoka kichwani kwake mpaka miguu ya mtoto haikufika hatua mbili. Sauti ilinikauka. Mke wangu aliyekuja nyuma yangu hakusema neno, akashika ncha ya mkeka upande wa kichwani, akauvuta taratibu, taratibu, pamoja na mtoto, mpaka chumbani. Hakuamka. Yule nyoka alinyanyua shingo, akatanua, halafu akaingia chini ya kabati la vyombo. Majirani walikuja na miundu.

Tangu usiku ule tulikuwa tunaziba na gunia lililokunjwa. Mwisho wa mwezi nikamwaga kizingiti cha zege kabla sijanunua hata kiti.

Bint Mikindani
Subhanallah. Huyo mama mpe zawadi.

Tandahimba Juu
Aliyetanua shingo ni swila. Anatema mate machoni, mngeweza kupofuka.

Kaka wa Masasi
Si kila nyoka wa kuua. Mngefungua mlango atoke.

Nyangao Mwisho wa Lami
Mlango wenyewe ndiyo alikuwa chini yake ndugu yangu. Mtoto ni wako au wangu?

Bint Mikindani
Jamani turudi kwenye vizingiti.

Kilwa Masoko
Baraza nililijenga leveli moja na sebule, nilipenda macho yapite bila ngazi. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya, wakati barabara ya Dar imekatika kule Somanga, mimi nazoa maji sebuleni kwa karai. Baraza lishuke sentimita 5, na liwe na mwinamo wa kwenda nje, sentimita 2 kwa kila mita. Mlango wa mbele weka kizingiti cha inchi 2.

Mjukuu wa Newala
Inchi 2 hapana! Bibi yangu alijikwaa kwenye kizingiti cha hivyo akavunjika nyonga, hakutembea tena. Kama kuna mzee ndani, shusha baraza, kizingiti ondoa.

Kilwa Masoko
Pole sana. Ila maji yanajua kupanda.

Tandahimba Juu
Dawa ni moja, milango inunuliwe baada ya vigae.

Bint Mikindani
Na kabla ya vigae unalala na nini? Mimi nilihamia madirisha yamezibwa kwa mabati, nakimbia kodi. Wapige milango ya mbao za boksi ya muda, fremu tu ndiyo zisikosewe. Na choo cha ndani kishuke sentimita 2 kuliko chumba, la sivyo maji ya kuoga yanakufuata kitandani.

Mwana wa Ligula
Nimetoka kwa jirani sasa hivi. Miwili imeshakatwa, unga mwekundu umejaa barazani. Wa tatu uko mezani.

Mpimamaji
Mwambie pale chini palipokatwa papakwe vanishi mara mbili kabla mlango haujarudi kwenye bawaba. Pale ndipo mbao inapokunywa maji, na ndipo kila mtu anapasahau. Hata hiyo miwili aishushe tena.

Mwana wa Ligula
Namfuata.