Kupiga picha watu mtaani Kariakoo bila kuwaomba, nyie mnatokaje salama?

Wakuu habari za mchana. Nina kamera ndogo na lenzi ya 35mm, napenda kupiga maisha ya mtaani, sio harusi wala kipaimara, nataka yule mbeba mzigo anavyokata kona Mtaa wa Congo na roba kichwani, konda kaning'inia mlangoni anagonga bodi. Shida nikimwomba mtu kwanza ananyooka, anaweka kola sawa, anatoa vidole viwili, picha imeshakufa. Nisipoomba mama wa mihogo ananiwakia "we kaka umenilipa?" na vijana wanajaa hapo hapo. Mnafanyaje? Na kisheria imekaaje?

Mzee wa Shata: Mkuu acha kuvizia. Wanaopata msala ni wale wa lenzi ndefu nyuma ya nguzo, unaonekana shushushu. Kaa sehemu moja, chukua kahawa na kashata, piga stori, wakishakuzoea hakuna mwenye habari na wewe. Weka tundu la lenzi f/8, kasi ya shata 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) oto, fokasi iweke kwa mkono mita mbili na nusu uiache hapo, mtu yeyote aliye kati ya mita mbili na tatu na nusu anatoka shapu, we unabonyeza tu hutafuti fokasi. Na saa saba mchana pumzika, jua la utosi linageuza macho ya watu kuwa mashimo, subiri saa kumi.

Binti wa Feri: Ufundi sawa, ila mnajua picha zinaishia wapi? Shangazi yangu anakaanga samaki, kuna mtu alimpiga picha akapita zake, baadaye tukaikuta kwenye kipeperushi cha taasisi fulani, chini wameandika "mnufaika" na hajawahi kuona hata mia yao. Mtaa mzima ukawa unamkopa. Halafu mtu anakuja kuniambia eti sanaa.

jirani_254: Dada yuko sahihi, noma kubwa iko kwa kupost. Huku Nairobi mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data ilipiga klabu moja faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Hizo ni biashara, sawa, lakini usijiaminishe sana. Sheria yetu ni ya 2019, nyinyi mna yenu ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, itafute uisome.

Muuliza swali: Shukrani wote. Sasa nikishapiga nikamwonyesha akagoma?

Mzee wa Shata: Unafuta mbele yake, huna mjadala. Akiipenda mrushie WhatsApp, kesho anakuita mwenyewe uje umpige picha na mwanae. Ila bandarini na karibu na polisi kamera ibaki kwenye begi, pale hata ukijieleza vipi hakuna wa kukusikiliza.