Naomba ushauri: vitanda viwili chumbani na mama anakuja

Habari zenu wapendwa. Mimi ni Mkenya, niliingia dini ya Kiyahudi nikaolewa, sasa ni mwaka wa pili tunaishi Jerusalem. Mnaojua mambo ya nida, yaani sheria za Kiyahudi za mke na mume wakati wa hedhi, mnaelewa, hedhi ikianza hatugusani kabisa, kwa desturi ya kina mume wangu ni angalau siku 5 halafu tunahesabu 7 safi zisizo na damu ndo naenda kuzama mikve (lile bwawa la kujitakasa) usiku, yaani karibu wiki mbili kila mwezi kila mtu na kitanda chake, hata kikombe cha chai hanipi mkononi, anakiweka mezani nami nakichukua.

Hilo halinisumbui, nililikubali kwa moyo wote. Shida ni chumba, kidogo mno. Tuna vile vitanda viwili vya kuunganisha, tukivitenganisha pengo ni la kupitisha mguu tu na mlango wa kabati haufunguki.

Sasa mama anakuja toka Kisumu kukaa miezi 2, na mama yangu lazima aingie atandike, akiona vitanda vimeachana atajua tumegombana, atamuita mume wangu kikao! Na hizi siku ni siri ya watu wawili, hatutangazi.

Mume anasema tuviache vimeachana muda wote hadi mama aondoke, mimi moyo unakataa, nikitoka mikve nataka tulale pamoja. Nyie mmepangaje? Au nimweleze mama kila kitu kabla hajapanda ndege?